Trafiki Aliyeuliza "Unamzika Nani?"

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Mtu mzima akija kupanga nyumba ya jirani akiwa na mvi tayari, ya kwao ni yake. Mimi nilimjua akiwa trafiki hapa Kisesa. Watu wote walimwita Afande, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Kibanda changu cha samaki wa kukaanga kiko kando ya barabara kuu iendayo Musoma, hatua chache kutoka pale alipopenda kusimama. Nyuma ya kibanda kuna ua wangu wa minyaa, nyuma ya ua kuna nyumba yangu, na dirisha langu linatazamana na dirisha la chumba chake. Mchana nilimwona, jioni nilimsikia akikohoa. Miaka tisa. Na katika miaka hiyo tisa sikumwamini hata siku moja.

Kilichoanza kunitia shaka ni chakula. Alikuja kazini na hotipoti ya bluu, amejipikia mwenyewe, maana aliishi peke yake. Saa sita ikifika alikaa kwenye jiwe, akaipa barabara mgongo, akala. Ndani mlikuwa na nini, hakuna aliyejua. Wiki ya kwanza nilimkaribisha kama jirani anavyomkaribisha jirani.

"Afande, karibu sato, wa moto huyu."

"Asante mama, nimeshiba."

"Umeshibia wapi na ndiyo kwanza saa nne?"

"Nimeshiba, mama."

Mama wa mahindi ya kuchoma naye alijibiwa hivyo hivyo. Muuza kahawa hivyo hivyo. Sasa jamani, trafiki anayekataa hata hindi, wewe utamwelewaje? Nilisema moyoni, huyu hataki vidogo vyetu kwa sababu ana vikubwa vyake mahali. Siku moja nikambana anieleze. Akaweka kifuniko cha hotipoti, akasema, "Mama, nikila samaki wako leo, kesho mjukuu wako akipita na pikipiki bila kofia nitamwangalia kwa tumbo, sitamwangalia kwa macho."

"Sina mjukuu mwenye pikipiki."

"Utakuwa naye."

Haikupita miaka miwili mjukuu akanunua pikipiki, na wiki hiyo hiyo Afande akamsimamisha mbele ya kibanda changu, hana kofia. Akamwandikia. Hakugeuka kunitazama hata mara moja. Nilimchukia mwezi mzima, na sato nikaacha kumkaribisha.

Halafu kulikuwa na hili la chumvi. Alikuja asubuhi moja, akaniamkia vizuri, shikamoo, marahaba, kisha akasema, "Mama, chumvi unazidisha."

Nikaweka mwiko chini. "Umeonja lini?"

"Sijaonja. Wateja wako wakimaliza kula wanakunywa maji vikombe viwili. Wa yule mama wa pale mbele wanakunywa kimoja."

Nilikaanga samaki kabla yeye hajaota ndevu. Nikauokota mwiko, nikaendelea. Ila nilijiambia, mtu anayetazama vikombe vya maji vya watu anatazama na mengine, na mimi ninayelala dirisha kwa dirisha naye nijihadhari.

Jumamosi asipokuwa zamu aliondoka mapema na begi la kijani, akapanda gari la Kigongo. Hilo nililijua kwa mpiga debe wa stendi. Miaka ile daraja la kuvuka ziwa pale lilikuwa halijaisha, watu walivuka kwa kivuko kwenda Busisi. Daraja likaisha, yeye akaendelea kwenda. Kisesa nzima ilisema ana mke wa pili ng'ambo. Wengine wakasema hana hata wa kwanza. Nilimuuliza, mimi siogopi kuuliza.

"Afande, Jumamosi unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kuna nini?"

"Kuna ng'ambo, mama."

Mpaka leo sijui. Nimeandika hapa ili msomaji naye asijue.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Lori la mzigo alilisimamisha kwa kidole kimoja, dereva akatii, lakini ng'ombe wakivuka barabara, hawa ng'ombe wetu wa kawaida, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ua wangu. Watoto wa wafugaji walimcheka. Nguo zake nyeupe alizifua mwenyewe na kuzianika ndani, juani hakuzitoa kamwe. Nilidhani anaficha doa. Nilipomuuliza alisema, "Kuku wako, mama." Namba za magari alizishika kichwani kama mtu anayeshika majina ya wanawe, lakini majina ya watu yalimpotea. Mimi mwenyewe sina hakika kama alilijua langu.

Na mpira hakuujua. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu lina kazi mbele. Siku zile timu mbili kubwa zinapokutana, barabara ya Kisesa hubaki tupu, watu wote wako mbele ya televisheni, kelele hadi paa linatetemeka. Yeye alibaki barabarani peke yake. Alinijia mara moja siku kama hiyo akauliza, "Mama, mbona watu wanalia? Kuna msiba?" Nikamwambia kuna mpira. "Anacheza nani?" Niliona kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Msiba ndio aliouheshimu. Kwetu huku magari ya msiba yanajulikana. Yanawasha taa mchana, yanakwenda taratibu, na kila moja limechomekwa tawi bichi kwenye boneti au kwenye kioo. Marehemu wengi wanatoka hospitali za mjini wanarudishwa kwao, Magu, Bunda, Musoma, kwa hiyo wote wanapita hapa. Trafiki hawasimamishi msiba, na mwenye adabu hapiti msiba barabarani, anakaa nyuma mpaka njia ziachane. Afande alizuia magari mengine yote, akavua kofia, akasimama wima mpaka gari la mwisho lipite. Hata mimi niliyemshuku, pale nilinyamaza.

Ndipo wajanja wakaliona hilo. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya kibanda napaa samaki, nikasikia vicheko kwenye ua. Vijana wawili wameteremka kwenye Noah, wanavunja minyaa yangu. Wakachomeka matawi mbele ya gari, wakawasha taa, wakampita Afande amevua kofia. Niliwaka. Nikamfuata barabarani na kisu mkononi.

"Afande, wale hawana maiti! Wamekata tawi kwangu sasa hivi wakicheka."

"Una hakika, mama?"

"Macho yangu haya."

Wiki iliyofuata wakaja tena. Safari hii aliwasimamisha. Akainama dirishani na kofia mkononi, akauliza kwa upole kabisa, "Mnamzika nani?" Dereva akasema, "Mjomba." Kijana wa pembeni, wakati huo huo, akasema, "Shangazi." Nyuma, chini ya turubai, mlikuwa na magunia ya sangara wachanga ambao sheria imekataza kuwavua. Kisesa ilicheka siku tatu. Wengine wakaanza kumwita Mjomba-Shangazi, ila kwa mbali.

Tangu hapo kila msiba ukipita alisimamisha gari la mwisho, moja tu, akauliza swali lake. Unamzika nani? Wafiwa wakajibu mama, wakajibu mwanangu, naye akasema poleni, akarudi nyuma. Watu walisema swali lile ni la kikatili. Na lilikuwa la kikatili. Lakini aliyempa swali lile ni mimi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, maana mmeisikia kwenye redio na kwenye simu zenu, na kila mtu ameisikia kwa namna yake.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Msiba ulitoka mjini unakwenda upande wa Mara. Ulisimama karibu na kibanda changu, basi moja na magari manne, wakawa wanakaza kamba ya jeneza. Mimi nilikuwa nyuma naosha samaki. Kati ya minyaa niliona mkono unakata tawi. Mwenye mkono sikumwona, ua ulimficha. Nikatoka kwa hasira kuzunguka upande wa mbele, na nilipofika mbele nikamkuta kijana mrefu amevaa raba nyeupe, amesimama kwenye mlango wa gari kubwa jeusi, anacheka. Anacheka mpaka ameshika tumbo. Na tawi langu liko kwenye boneti yake, utomvu bado unachuruzika. Basi lilikuwa limeanza kuondoka. Kijana akaingia garini, akawasha taa, akafuata nyuma.

Afande akalipitisha basi, akayapitisha manne, akalisimamisha jeusi.

"Unamzika nani?"

Kijana akasema, "Jina lake silijui, Afande."

"Hulijui?"

"Nimeambiwa niwafuate."

"Na nani?"

"Bibi mmoja."

"Bibi gani?"

"Naye simjui jina."

Watu wakacheka. Afande hakucheka. Akatazama tawi, akaona utomvu, akaja hatua mbili upande wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kijana asisikie. "Mama, huyu umemwona?"

Nikasema, "Tawi limekatwa kwangu sasa hivi, na yeye alikuwa anacheka."

Hayo mawili yote ni kweli. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila mara ni kweli. Ila niliyashona pamoja nikampa Afande yakiwa shati moja, na shati lile halikuwa la yule kijana.

Afande akadai funguo. Kijana akakataa, anaonyesha barabara, anasema, "Afande, niache niwafikie, wataniona nimewakimbia." Kwa mtu aliyekwisha kushuku, hayo ni maneno ya mtu anayetaka kutoroka. Wakavutana mlangoni. Akaja askari wa pili na pingu. Hapo ndipo simu zilipotolewa mifukoni, na hapo ndipo mtu mmoja akapiga kelele, "Jamani, mbona huyu ni yule mchezaji!" Akataja jina, watu wakajaa kama wanagawiwa kitu. Alikuwa mchezaji wa mojawapo ya zile timu mbili kubwa, mtoto wa Mara, anakwenda likizo kwao. Mimi sikumjua. Afande ndiyo kabisa.

Kijana alishinda kituoni mpaka jioni, wakamwachia. Video ilikuwa imekwisha kufika kila mahali. Binti wa saluni aliniletea simu nione. Ilianzia pale Afande anapodai funguo. Maneno yangu hayamo. Aliyenyoosha simu alichelewa kidogo tu, na kwa ule uchelewaji mimi sikuwapo.

Halafu mjadala. Kijiwe cha bodaboda kilicho mbele yangu hakikubeba abiria siku mbili, kilibeba maneno tu.

"Alitaka chai, akanyimwa, ndiyo habari yote hiyo!"

"Chai gani? Yule mzee hata hindi hali."

"Hali hindi, anakula mastaa."

"Mastaa wenyewe wana dharau. Mtu anajificha nyuma ya maiti ya watu apite foleni!"

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ni wa timu ile."

"Na wewe unamtetea kwa sababu mwezi jana amefunga goli la mkono."

"Mkono wa bibi yako!"

"Bibi yangu yuko pale, muulize. Eti Bibi Samaki, wewe si ulikuwepo? Uliona nini?"

Nikasema, "Niliona mafuta yangu yanaungua. Nunueni samaki au mnipishe."

Redioni ikawa vile vile. Mmoja anapiga kutoka mbali huko anasema Afande ni wa timu pinzani, amemvizia kijana amvunje moyo kabla ya mechi. Nilikaribia kucheka. Mtu anayeuliza kama mpira ni msiba! Mwingine anasema matajiri wa mjini wanadharau wafu. Wakaja waandishi na kamera, wakaninyooshea kitu mdomoni. Nikawaambia mimi naangalia samaki wangu. Sikuwaamini. Wala sikujiamini.

Wakubwa wake wakamsimamisha kazi kupisha uchunguzi. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na watu walisema akionekana alimkamata kijana kwa hila au kwa kutaka kitu, atavuliwa nguo zile na kuondoka kama mwizi. Alasiri alijifungia chumbani. Dirisha kwa dirisha nilisikia redio yake, ameipunguza sauti, anawasikiliza watu wasiomjua wanamweleza alivyo.

Nilingoja anitaje. Kila siku nilingoja. Ingekuwa rahisi, aseme tu, niliambiwa na mwenye ua. Hakusema. Alipoulizwa, nilisikia kwa askari mwenzake aliyekuja kula, alijibu, "Nilimshuku mwenyewe." Basi na mimi, Mungu anisamehe, nikalishuku hata hilo. Nikasema, huyu ananiwekea akiba. Ananificha leo ili kesho anidai jambo.

Hivyo nikakaa. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Ningesema nilikuwa nafikiri, lakini nilikuwa naogopa. Wapenzi wa ile timu walishachana matairi ya pikipiki ya askari wa pili. Kibanda changu ni cha mbao.

Wiki ya tatu akaja mgeni. Mwanamke wa rika langu, kitenge kimefungwa kifuani, ameteremka kwenye gari litokalo Bunda. Hakuangalia samaki. Aliangalia ua, kisha akaja kwangu akapiga magoti kidogo, kwa shida, magoti yetu unayajua.

"Mwenzangu, wewe ndiye mwenye minyaa hii?"

"Ndiye mimi."

"Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile tunapita na marehemu, mimi ndiye niliyekata tawi lako bila hodi. Nikasema nikirudi kutoka matangani nitapita, maana ua wa mtu ni wa mtu."

Nilimvutia kiti.

Akaendelea mwenyewe. Gari lao moja lilipasuka tairi kule Igoma, na wao bibi watatu wakabaki kando ya barabara. Yule kijana akasimama, akawapakia, akawafikisha hapa kwenye basi. "Nikamwambia, mwanangu, ulishatubeba, wewe sasa ni wa msiba wetu. Tufuate, usitupite. Nikamkatia tawi nikamwekea kwa mkono wangu. Na kwa vile mimi ni mtani wa marehemu, nikamwambia huyo tunayemzika alikuwa mbishi, asishangae akigoma kuingia kaburini mpaka apewe pombe. Weee! Kijana akacheka, nikadhani atakufa na yeye."

Akakaza kitenge. "Kisha hatukumwona. Tulimtazama nyuma mpaka Nyanguge. Tukasema, aa, vijana wa mjini, amechoka na sisi. Kumbe."

Mtani. Mimi mwenyewe nimechekesha watu misibani tangu nikiwa mwali. Nimevaa kofia ya marehemu nikatembea kama yeye mbele ya mjane, na mjane akacheka na machozi, na hakuna aliyesema hatuna maiti. Watu wote wa barabara ile wangeweza kukosea kuhusu kicheko kile, lakini mimi sikuwa na ruhusa ya kukosea.

Kesho yake sikuwasha jiko. Nilivaa gauni la kanisani, tukaenda na yule mwenzangu mpaka kituo kikubwa mjini. Askari wa kike akaandika. Alikuwa binti mdogo, mkali kama mimi.

"Bibi, haya yote uliyajua tangu siku ile?"

"Ya ua na kicheko niliyajua. Ya huyu mwenzangu nimeyajua jana."

"Na hayo uliyoyajua ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Afande. Ndiyo maana akakamata."

"Mbona umekaa wiki tatu?"

"Niliogopa. Andika hivyo hivyo."

Akanitazama, akaandika. Akanipa wino niweke dole gumba. Nikamwambia nimesoma mpaka la nne, jina langu naliweza. Nililiandika polepole, akangoja.

Uamuzi ulipotoka, Afande alibaki na kazi na nguo zake. Barabara ya Kisesa wakamwondolea, wakampeleka Nansio, Ukerewe. Wengine walisema ameokolewa na ajuza, wengine wakasema ajuza amelipwa. Kijana yule mchezaji alisema kwenye redio kwamba hana kinyongo, na kwamba amekwenda kuwaona wafiwa. Huenda kweli alikwenda. Mimi sikumwona. Mjadala wenyewe ulikufa wiki ile ile, maana kocha fulani alifukuzwa na watu wakahamia huko. Afande alihama alfajiri na begi lake la kijani. Hakuniaga.

Hilo la kutoniaga lilinikaa kifuani miezi minne. Mwisho nikakaanga sato watatu, nikawafunga vizuri kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, nikapanda meli ya Nansio. Melini kulikuwa na msiba, jeneza chini, akina mama wanaimba, magari machache nyuma yana matawi. Nilikaa mbali nao.

Nilimkuta pale pale gatini, kwenye mavazi yake meupe, anaelekeza watu wanaoteremka. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisita, kisha akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hukuniaga."

"Niliona unalala."

"Silali alfajiri, na wewe unajua."

Akatazama maji. Nikaona nisizunguke. "Afande, kwa nini hukunitaja?"

"Aliyevaa sare ni mimi. Wewe ulisema ulichokiona. Kuamua kulikuwa kwangu."

"Na kwa nini uliniuliza mimi? Barabara ilijaa watu."

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta namba ya gari. "Wote wale huwa wananichekea. Ningewauliza wangesema wanachodhani nakitaka. Wewe hujawahi kunipenda, mama. Miaka tisa unanitazama kama mwizi wa kuku. Nikasema, huyu hawezi kunidanganya ili anifurahishe."

Nikafungua ndoo. "Sato. Kisesa umetoka, mjukuu wangu huku hana pikipiki. Kula."

Akatazama samaki. Aliwatazama muda mrefu, na mimi nikajua ana njaa. "Asante mama," akasema. "Nimeshiba."

Hapo magari ya msiba yakaanza kuteremka melini. Akazuia watu, akavua kofia. La kwanza likapita na jeneza, la pili likapita, la tatu. La mwisho lilikuwa pikapu kuukuu, tawi limechomekwa kwenye kioo, dereva peke yake. Afande akageuka. Akanijia hatua mbili, kama siku ile, kwa sauti ile ile ya chini.

"Mama, ulikuwa nao melini. Huyu wa mwisho ni wao?"

Baada ya yote yale, bado ananiuliza mimi. Nilimtazama yule dereva. Uso mkavu, simu mkononi. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya uso ule, tayari yalikuwa yamefika mdomoni.

"Tawi nimeliona," nikasema. "Kingine sijakiona. Muulize mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda, akainama dirishani na kofia mkononi. Alichouliza sikukisikia, upepo ulikuwa wa ziwani. Dereva akajibu kwa maneno mengi. Afande akasimama, akarudi nyuma, gari likapita, na yeye akabaki wima mpaka likapotea kwenye kona ya soko.

Nilirudi na meli ya alasiri. Katikati ya ziwa njaa ikanishika, nikafungua ndoo nikala samaki wangu mwenyewe. Nilimaliza mmoja, nikaomba maji kwa mama aliyekaa jirani. Nikanywa kikombe. Nikaomba cha pili.